Mmea Ulio Nyuma ya Tangi

Nyambura, mama,

Umetoka asubuhi na mwenzako kwenda Thika mjini kutafuta buti za mpira na koti la mvua. Mama yako yuko sebuleni anapiga pasi nguo zako huku akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kukunja shati. Mimi nimejifungia chumbani, nikamwambia kichwa kinaniuma. Hakiumi. Nimeshika kalamu tangu saa nne, na karatasi ya kwanza nimeshairarua.

Mambo ya kuchemsha maji, kulala ndani ya neti na kupiga simu kila Jumapili, hayo atakuambia yeye, tena atakuambia mara nne. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo tangu wiki uliyozaliwa. Ningekuambia kwa mdomo, lakini ninajijua. Nitaanza kuchekacheka, nikuulize kama umekunywa chai, na kesho saa kumi na mbili gari litaondoka nawe hujui kitu.

Kwa hivyo nasema. Mmea unaoenda kuutafuta Taita hauko Taita. Haujawahi kuwa Taita. Mimi ndiye niliyeuweka huko, kwa penseli.

Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaja kugonga mlango wangu.

Unajua kwamba kabla ya kiwanda nilikuwa msaidizi wa Daktari, yule mama wa mimea aliyekuandikia barua ya kukusifu chuoni. Nilikuwa mbeba presi wake, ile ya kukaushia mimea. Mbao mbili, mikanda miwili, katikati magazeti na kadibodi. Unakata tawi lenye maua, unalilaza ndani ya gazeti, unaandika namba pembeni kwa penseli, na yeye anaandika namba hiyo hiyo kwenye daftari lake pamoja na mahali mlipo. Halafu kila siku, unyeshewe, uumwe, unatoa magazeti yaliyolowa na kuweka makavu. Usipofanya hivyo sampuli inaota kuvu. Haya unayajua, umefundishwa, lakini nataka ujue kwamba mimi nilikuwa hodari. Miaka sita sikupoteza hata jani. Daktari alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu presi yake haiozi." Nilikuwa napenda kusikia hivyo, mama. Nilikuwa napenda kupita kiasi.

Mwaka uliozaliwa, tulikaa Taita wiki tatu. Mama yako alikuwa na mimba yako, amekwenda Ruiru kwa mama yake kungoja siku zake. Tuliporudi Nairobi ilikuwa Ijumaa, na Daktari akasema, "Nenda na presi uangalie magazeti wikendi, Jumatatu uniletee." Nikaenda nayo Ruiru mgongoni.

Wewe ulimjua cucu, mama wa mama yako, akiwa hapa Ngoingwa, ameshazeeka. Wakati huo alikuwa na shamba lake kule chini karibu na mto, kabla watu hawajaanza kuchimba mawe na kujenga maflati. Nilimkuta akipanda kutoka bondeni na mzigo wa nepia, nyasi za ng'ombe, kichwani, na kilichofunga ule mzigo kilikuwa mmea mbichi, umezungushwa mara tatu na kupigwa fundo. Kwenye fundo kulikuwa na maua.

Nikamuuliza, "Mama, hii umefungia ni nini?"

Akatua mzigo, akanitazama kama ninamtania. "Ai! Si ni kamba? Nyinyi watu wa mimea hamjui hata kamba?"

Aliniambia iko tele kule chini, inapanda mikuyu ya mtoni, na kwamba haikatiki hata ng'ombe akivuta. Sikuwa nimewahi kuona ua kama lile. Petali tano, nyeupe inayoelekea kijani, na koo la zambarau nzito mpaka karibu nyeusi. Nilipolikaribia puani nikasikia maziwa yaliyoungua. Nikageuka kutazama jikoni, haki ya Mungu, nikidhani kuna sufuria motoni.

Nikakata tawi, nikalilaza kwenye gazeti ndani ya presi. Namba sikuandika. Nilijiambia nitaandika jioni nikishatulia. Kabla ya hiyo jioni mama yako akaniita kutoka ndani, na kwa ile sauti nikajua hakuna kutulia.

Ulikuja kwa shida. Hili hatukukuambia vizuri. Mama yako alilazwa Thika siku tano, na siku mbili za mwanzo hakuna muuguzi aliyetaka kunitazama usoni. Nilikaa kwenye benchi. Sikuosha uso, sikukumbuka presi, sikukumbuka hata jina la siku. Ya tatu wakanipa wewe nikubebe, ukanipigia chafya, nikalia mbele ya watu. Hayo sijutii.

Nilirudi Ruiru Jumatano kuchukua nguo, nikaona presi chini ya kitanda cha cucu. Nilipofungua mikanda, harufu ikanipiga. Nyingi zilikuwa zimeponea chupuchupu. Lakini moja, namba mia nne na kumi na mbili, mmea unaopanda tulioutoa kwenye mteremko mmoja wa Taita, ilikuwa nyeusi. Nilipoishika ikabaki unga mkononi.

Hapo ndipo nilipokosea. Sikuwa nimelewa, hakuna mtu aliyenilazimisha, na usije ukafikiri ni kwa sababu yako. Daktari angeelewa. Ningemwambia mke wangu alikuwa anakufa, angenipa chai na pole. Lakini nilifikiria atakavyosema "hata wewe?", na nikashindwa kulivumilia neno ambalo hata halijasemwa. Nikaitupa ile iliyooza kwenye mafiga ya cucu. Nikachukua kamba yake yenye maua, nikailaza kwenye gazeti la mia nne na kumi na mbili. Ilikuwa pia mmea unaopanda. Nikajiambia ni majani tu, yatakaa kabatini miaka mia na hakuna atakayeyafungua. Nikafunga mikanda.

Miaka mitatu ikapita. Ulikuwa unatembea, unavunja vikombe. Siku moja Daktari akaniita kwenye chumba chake pale wanapohifadhi mimea mikavu. Alikuwa amechemsha ua moja kwenye maji kidogo ili lilainike, amelifungua kwa sindano chini ya hadubini. Akaniambia, "Njoo uone. Hili halina jina. Nimetafuta kila mahali, halina jina popote."

Nikainama nikaona. Koo la zambarau. Ilikuwa kamba ya cucu.

Wewe unajua maelezo ya mmea mpya yanavyoandikwa. Mimi nilikuwa sijawahi kushuhudia, na sitasahau. Alipima kila kitu kwa rula ndogo: shina, kikonyo cha jani, petali, hata nywele za chini ya jani alizihesabia safu. Kila alichopima alikitamka, nami namwandikia. Mambo ambayo mmea mkavu hauwezi kusema aliniuliza mimi, kwa kuwa ni mimi niliyeukata.

"Utomvu ulikuwa rangi gani?"

"Mweupe, Daktari."

"Na ua, likiwa bichi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na harufu. Akacheka kwa furaha, akaniambia niandike maziwa yaliyoungua na kupigia mstari. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli, mama, na hiyo ndiyo inayonitesa, kwamba nilisema kweli tupu mpaka swali la mwisho.

Akafungua daftari la safari, akaweka kidole. "Namba mia nne na kumi na mbili. Taita, ule mteremko wa juu wenye ukungu. Una uhakika ni pale?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshika kalamu yake mwenyewe.

"Ndiyo, Daktari. Ni pale."

Akanishika bega, akaniambia jina la pili la mmea litakuwa langu, limalizwe kwa Kilatini. Ile karatasi iliyochapishwa unaijua, ndiyo ile mama yako aliweka kwenye fremu sebuleni. Ulipokuwa darasa la tatu ulikuwa unaleta wenzako kuionyesha. "Baba yangu ako na mmea." Mimi nilikuwa nikiwasikia nikiwa uani, na nilikuwa nabaki huko huko mpaka waende.

Tulirudi Taita mara tatu kuutafuta ukiwa hai. Jaribu kuona mwanamume mzima akipanda mteremko kwenye ukungu, anainua majani, anatazama juu ya miti, anatikisa kichwa kwa huzuni, na anajua hakuna kitu. Daktari alikuwa na kifua kibaya. Alikuwa akikohoa akisema, "Jaribu upande ule." Nami najaribu upande ule. Safari ya mwisho tulikuta sehemu ile imezungushiwa waya. Wanakijiji walikuwa wameambiwa kuna mmea adimu, watu wasiokote kuni hapo. Mwanamke mmoja wa kijiji, Mama Mghoi, alituuliza kwa upole tu, "Hicho mnachokilinda, mmeshakiona?" Daktari akamjibu kwamba mimi nimekiona. Yule mama akaniangalia, akabeba panga lake, akaenda kutafuta kuni mbali. Nimemwota mara nyingi kuliko nilivyowaota wazazi wangu. Haniambii kitu, anapita tu.

Nilipotoka pale ndipo nikaacha kazi. Nyinyi niliwaambia ni mgongo unaniuma. Nikaingia kiwandani, na miaka yote hii nimefunga makopo ya matunda pale Eneo la Viwanda, na uliponiuliza "Baba, si ulikuwa unapenda mimea?" nilikujibu kwamba mtu hukua. Nilikudanganya. Nilikuwa naogopa hata kupita karibu na ua lililochanua.

Halafu cucu akauza shamba, akaja kukaa nasi na ng'ombe wake mmoja. Unakumbuka? Alishuka kwenye pikapu na kifurushi cha mizizi kwenye gunia, na kesho yake akachimba kashimo nyuma ya tangi la maji. Nikamuuliza anapanda nini.

"Kamba yangu," akasema. "Hapa kwenu nitafungia nepia na nini? Waya?"

Ngai! Nilisimama pale na ndoo mkononi. Mmea uliokuwa na jina langu ulikuwa umekuja kunitafuta nyumbani, umeletwa na mama mkwe wangu, na siwezi kumwambia aung'oe bila kumwambia kwa nini.

Sikuung'oa. Nilifanya kitu kibaya zaidi. Niliukata. Kila unapoanza kuushika mparachichi na kupanda, naukata kwa panga karibu na ardhi. Niligundua kwamba majani yake ya chini, ya utoto, ni ya umbo la moyo, yanafanana na ya magugu mengine yoyote. Ni mpaka upande juu ndipo unatoa yale ya vidole vitatu, na maua. Daktari alieleza majani ya juu peke yake, maana hayo ndiyo niliyompelekea. Kwa hiyo ukibaki chini, hakuna atakayeujua. Mara mbili kwa mwaka, miaka yote hii. Mama yako anadhani naogopa nyoka.

Ulipokuwa chuoni mwaka wa pili ulikuja likizo ukakaa nyuma ya tangi asubuhi nzima na kitabu chako. Ukaniambia, "Baba, hii kitu imenishinda. Haina maua, siwezi jua ni nini. Si uache kuikata, tuone maua yake?"

Nikasema sawa. Jumatatu ulipoondoka niliamka nikaukata kabla sijanywa chai. Mikono ilikuwa na utomvu mpaka kwenye viwiko, na niliinawa kwa sabuni ya kufulia ili mama yako asione. Nilijichukia, Nyambura. Nataka ulijue hilo, ingawa halikusaidii kitu.

Usifikiri sikujaribu kutafuta njia ya pembeni. Nimeenda Ruiru mara kadhaa, peke yangu, Jumapili baada ya kanisa. Nilifikiri nikiukuta mtoni naweza kuuonyesha kama kitu kipya, nijifanye nimeuona tu. Shamba la cucu ni flati za ghorofa sita, nguo zimeanikwa kila dirisha. Mikuyu imekatwa. Chini ya ule ukingo ni mabaki ya mawe na maji ya sabuni. Nimetembea juu na chini mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nani. Sikuona hata jani moja. Sijui kama uko mahali pengine, labda uko. Lakini kwa yale ninayoyajua mimi, ule wa nyuma ya tangi ndio peke yake, na mimi ndiye nimekuwa nikiukata.

Desemba ulikuja mbio na habari zako. Umepata nafasi ya utafiti, miaka miwili, utakaa Taita kutafuta mmea wa baba yako. Daktari alinipigia simu siku hiyo hiyo, sauti imekuwa nyembamba, akasema, "Binti yako ndiye atakayeuona. Nikifa sasa sawa." Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nilikukumbatia, ukaniambia, "Baba, mbona unatetemeka?" Nikasema ni furaha.

Miaka miwili, mama. Miaka miwili ya ujana wako kwenye ule ukungu, unainua majani. Na ungerudi bila kitu, useme umeshindwa, na ningekuacha uamini hivyo. Nilikaa nikajiuliza kama ningeweza. Jibu lilinitisha, kwa sababu mtu aliyeweza yote niliyokuandikia hapa angeweza na hilo pia.

Kwa hiyo tangu Desemba sijashika panga. Hilo tu ndilo nililoweza kufanya. Nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba mmea utakuambia badala yangu, kwamba utakuja likizo ukaukute umechanua, uelewe mwenyewe, nisilazimike kufungua mdomo. Mmea ulipanda ukuta, ukapita tangi, ukashika mparachichi mpaka juu. Mama yako akasema, "Umezeeka wewe, hata panga limekushinda." Siku tatu zilizopita ukachanua. Na wewe umefika jana usiku wa manane, maua yameshajifunga, umechoka, na leo umeondoka kwa mlango wa mbele.

Hata mmea umenikatalia, ikabidi niandike.

Sikuambii uende au usiende kesho. Uamuzi huo niliuchafua mimi, siwezi tena kukushikia mkono. Daktari nitamwambia mwenyewe. Jumatatu naenda kwake Nairobi, nimeshampigia simu akasema karibu, akaniuliza nimletee parachichi. Kama atataka kulifuta jina langu, alifute. Na Mama Mghoi, kama yuko hai, ana haki ya kuambiwa kwamba pale hapakuwa na kitu. Hilo nitalifuata mwenyewe pia.

Ninachokuomba ni kimoja. Usinifichie kosa hili. Najua unavyonipenda, na najua utakachofikiria kwanza ukishamaliza kusoma: kwamba kuna namna ya kusema umeuokota Ngoingwa kwa bahati, na lile neno Taita liachwe lizeeke kwenye karatasi, na baba abaki kwenye fremu. Nimeifikiria namna hiyo kabla yako. Ni nzuri sana, haina hata shimo. Ile ya kwanza pia haikuwa na shimo.

Sikupi ushauri, sina sura ya kushauri mtu. Nakueleza tu jinsi inavyokuwa. Kila maziwa yakiungua, kwa jirani, hotelini, kantini ya kiwandani, ninageuka nyuma kuangalia ni nani amejua. Miaka ishirini na zaidi. Sitaki ugeuke nyuma hivyo hata mara moja.

Nimesikia geti. Ni jirani tu. Nilidhani ni wewe.

Wiki hii mama yako amekimbia jikoni mara tatu akidhani ameacha sufuria motoni. Jioni maua yakifunguka harufu inafika mpaka barabarani, na wewe utakuwa unaingia wakati huo huo na buti zako mpya. Ukimaliza kusoma, usiende jikoni. Zunguka nyumba, pita nyuma ya tangi, uangalie juu. Mimi nitakuwa huku ndani na mlango sitaufunga.

Nimekata tawi moja tu, dogo. Liko ndani ya gazeti, kati ya mbao mbili nilizozifunga kwa mikanda, juu ya begi lako. Pembeni nimeandika kwa penseli, na safari hii niliandika kabla sijafunga mikanda:

Namba 1. Mmea unaopanda, juu ya mparachichi, nyuma ya tangi la maji, Ngoingwa, Thika. Mizizi ililetwa na cucu kutoka bondeni, Ruiru. Utomvu mweupe. Majani ya chini umbo la moyo, ya juu vidole vitatu. Maua meupe yanayoelekea kijani, koo la zambarau, harufu ya maziwa yaliyoungua. Umekatwa na baba yako. Mahali ni pa kweli.